Sukari imetulia, dawa za moyo za nini?

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza kwa nini mama, ambaye sukari yake imetulia, ameandikiwa pia dawa ya presha na ya kushusha lehemu, yaani kolesteroli, mafuta kwenye damu. Daktari hajakosea. Kisukari huharibu mishipa ya damu polepole, na aliye nacho ana hatari ya ugonjwa wa moyo takriban mara mbili ya asiye nacho. Wengi hulenga presha chini ya 130/80, na HbA1c, yaani wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, karibu na asilimia 7. Kwa wazee lengo hulegezwa, maana sukari ikishuka mno nayo ni balaa.

Ila wengi hawaambiwi hili: kisukari kikishaathiri neva, mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu ya kifua. Akitokwa na kijasho chembamba ghafla, akihema, akipata kichefuchefu au uchovu usioelezeka, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitali.

Atembee dakika 30, siku 5 kwa wiki. Sigara, kama ipo, iondoke leo. Na asiache dawa kwa kuwa anajisikia vizuri. Ikimsumbua, arudi kwa daktari abadilishiwe.