Methali haijibu hesabu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa barazani nasubiri kahawa. Unasema ulisimama kwenye mkutano wa Saccos yenu huko Morogoro kueleza kwamba riba mnayotozwa ni kubwa, mzee mmoja akainuka: "Huyu binti hana hata mwaka chamani. Mwacha asili ni mtumwa!" Makofi, ajenda ikafungwa. Unauliza ungemjibu nini.

Tazama kwanza alichofanya. Kauli mbili, na hakuna iliyogusa riba. Moja ilikugusa wewe, nyingine ikashika mazoea. Sasa, ugeni wako haubadilishi kujumlisha. Mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa asilimia 2 kwa mwezi, riba ikikokotolewa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, kwa miezi 12 ni 240,000. Ikikokotolewa juu ya salio, mkopo ukirejeshwa kwa mafungu sawa, ni 130,000. (Msimamo wangu juu ya riba yenyewe unaujua, siurudii.) Hiyo tofauti ya 110,000 ndiyo ilikuwa hotuba yako, nawe uliizika ukurasa wa tatu, baada ya kuomba radhi kuwa wewe si msemaji.

Najua kilichokujia ulimini: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wangecheka upande wako. Halafu? Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila mtu atapata methali ya kumtetea. Nilipokuwa nanadi samaki pale Deep Sea, methali ilinikusanyia watu, lakini haikuuza changu aliyeanza kuoza. Niliwahi kujaribu. Muulize mama yako tulikula nini wiki ile.

Mkumbuke Mwalimu Nyerere, Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yameingia Kagera: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Watu husifu takriri ile, inagonga kama ngoma. Ondoa ngoma, bado yamebaki majibu matatu anayoyahitaji mtu anayepelekwa vitani: tutaweza, kwa nini, tumeamua. Mzee wenu ukimwondolea methali, hakibaki kitu.

Mkikutana tena, usimshambulie. Mpe shikamoo kwa sauti, kisha sema: "Mzee kasema kweli, mimi mgeni. Naomba wenyeji wanisaidie hesabu moja." Andika 240,000 ubaoni, chini yake 130,000. Nyamaza. Hapo ndipo vijana mnapoharibu, mnaogopa kimya. Acha mmoja wao aulize tofauti inakwenda wapi.

Mzee atasema mkipunguza riba chama kitakufa, kama vile hakuna njia ya tatu. Omba taarifa ya mapato na matumizi isomwe, basi.

Nipigie Ijumaa baada ya Isha tufanye mazoezi. Mimi nitakuwa yule mzee.

Baba yako