Mzee hapakwi rangi

Mwanangu Salum,

Barua yako imefika, na makaratasi nimeyasoma. Unauliza kama ni adabu, katika kijitabu chenu cha historia ya East Perth, huko Australia, kueleza kwamba Fanny Balbuk, yule bibi wa Kinoongar, wenyeji wa asili wa hapo, alikuwa akivunja nyua za watu na kulaani langoni kwa Gavana. Mwenzako wa kamati anataka bibi wa watu aandikwe kwa heshima.

Mimi nimejiuliza jingine: alikuwa akienda kutafuta nini? Kamba wa maji baridi, na mboga za porini, kwenye bwawa ambalo leo ni stesheni ya treni ya Perth. Kazaliwa kisiwani Matagarup mnamo 1840, njia anaijua tangu utoto. Mji ukaota katikati. Yeye akanyoosha vilevile: penye uzio aling'oa mbao kwa mti wake wa kuchimbia, penye nyumba alipita ndani. Na kwa Gavana alilaani kwa sababu bibi yake kazikwa humo.

Basi nikamkumbuka bibi yako, siku hoteli ilipoziba njia yetu ya pwani. Baba yako huihadithia kwa kicheko. Mimi ndiye niliyebeba kikapu. Bamvua, maji yamekupwa mpaka mwambani. Mlinzi, mtoto wa jirani tuliyemlea sote, anasema, "Bibi, zunguka." Kuzunguka ni hadi mikokoni, na ukifika maji yamejaa. Bibi akafunga kibwebwe, akakanyaga waya, akapita. Aliyomwambia yule kijana siyaandiki. Pweza tulipata wawili, jioni hakuna aliyekula kwa raha.

Siku zote nawaambia: mzee hapakwi rangi.

Hata hivyo, mwenzako ana lake. Mengi ya haya aliyaandika Daisy Bates, mwanamke wa Kizungu, na mwandishi huchagua cha kuandika. Wanoongar wapo hapo hapo mjini. Waulizwe wao kabla yenu. Hilo nalikubali. Lakini mkishaondoa mbao na laana, anabaki nani? Bibi mmoja aliyefariki 1907. Mzee hapakwi rangi, Salum.

Siwaamulii, kamati ni yenu. Ila ningekuwa mimi, ningeanza na wale kamba. Na huyo mwenzako atembee kwanza kutoka kisiwani hadi stesheni, anyooshe, tuone atafika wapi.

Nitumie rasimu kabla hamjachapa.

Mama yako