Switch Lite au ya kawaida kwa watoto wawili?

Swali: Fundi, hujambo? Wanangu wawili, wa miaka 13 na 9, wanataka Nintendo Switch, ile mashine ya michezo ya video. Hapa Nakuru nimepata modeli yake ndogo, Lite, iliyotumika, bei yake nafuu kuliko ya kawaida. Lakini huyo mkubwa aliazima Lite ya binamu yake, akarudi akilalamika vidole vinakufa ganzi. Ninunue hiyo au niongeze pesa? – Mama wa Section 58

Jibu: Sijambo, Mama. Ongeza pesa. Lite haiunganiki na runinga, hata ukiitafutia waya wa aina gani. Iliundwa iwe ya mkononi tu. Kioo chake ni inchi 5.5. Watoto wawili wakikigombea, wewe ndiye utakayekuwa refa.

Kuhusu ganzi, wengi hudhani ni uzito. Sivyo. Lite ina gramu 275 tu, na ya kawaida pamoja na Joy-Con zake, vile vidhibiti viwili vya pembeni vinavyochomoka, inakaribia 400. Shida ni umbo: ni bapa, haijazi kiganja, basi vidole vinaibana muda wote huku kifundo cha mkono kimepinda. Ya kawaida ukiishika mkononi nayo ni bapa, sikufichi. Tofauti ni kwamba si lazima uishike. Unaitia kwenye doki, kile kituo chake chenye waya wa runinga, picha inaenda kwenye runinga, unachomoa Joy-Con, moja kila mkono, mabega yanalegea. Tena kila Joy-Con ikilazwa inatosha mchezaji mmoja katika michezo mingi ya wawili. Vidole vya huyo wa miaka 9 vitaifurahia. Mkubwa mnunulie baadaye Pro Controller, kidhibiti kinachojaza kiganja. Mimi ningetoa hela hiyo kabla ya kuwazia modeli ya OLED, ingawa kioo chake cha inchi 7 kinavutia kweli. Switch 2 iliyotoka Juni 2025 iache kwanza: nzito zaidi, ghali zaidi.

Ukienda kuona ya mitumba, soma namba iliyo chini, karibu na tundu la chaja. Ikianza na XAW ni ya toleo la 2017, ambalo betri yake ikiwa mpya ilidumu saa 2.5 hadi 6.5. XKW ni la 2019, saa 4.5 hadi 9. Tafuta XKW.

Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vidhibiti, ufungue ukurasa wa kurekebisha vijiti vya kuelekezea. Achilia kijiti kabisa. Alama ikitembea yenyewe, kijiti kimelika ndani. Ugonjwa huu naupokea sana hapa Kisumu. Joy-Con unabadilisha hiyo moja tu. Lite vidhibiti vyake havichomoki, lazima mashine nzima ifunguliwe. Kabla hujalipa, fungua duka la mtandaoni la Nintendo kwa intaneti ya simu yako, maana mashine nyingine zimefungiwa na kampuni zisiingie mtandaoni na muuzaji hasemi.

Michezo nunua ya kadi. Kadi haibagui nchi, ya Dubai au London inacheza Nakuru, na watoto wakiichoka unaiuza. Uliyopakua huwezi kuiuza.

Mwisho, chaja. Doki inataka ile ya volti 15; ya simu ya kawaida itajaza betri polepole lakini runinga haitaonyesha kitu. Doki za bei ya kutupa zimewahi kuua mashine. Muuzaji akikosa doki na chaja orijino, mpunguzie bei ya hivyo vitu viwili, au uondoke.