Kazi ya bucha ni kummaliza ng'ombe

Siku ya kwanza niliyoachiwa bucha peke yangu, ilipofika saa 4 asubuhi nilikuwa nimeshauza steki yote. Nikajiona fundi. Wateja walikuwa foleni, kila mmoja "nipe isiyo na mfupa", nami nachinyanga paja, nakwangua mgongo, nafunga, napokea hela. Bosi alipoingia saa 6 mchana alikuta shingo nzima, mikono miwili, mbavu zilizochunwa nyama ya juu na rundo la mifupa mitupu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Na hii utamuuzia nani?" Mpaka jioni tulikuwa tunabembeleza wapita njia, bei inashuka kila saa, na shingo ililala kwenye friji.

Wewe uliyepata kazi bucha juzi utaambiwa mambo mengi: noa kisu, vaa koti jeupe, usijibizane na wateja. Yote kweli. Ila lile swali la bosi ndilo kazi yenyewe. Ng'ombe haji bucha akiwa steki. Anakuja mzima, na faida iko kwenye kilo 20 za mwisho, zile ambazo hakuna aliyeziulizia asubuhi.

Tupige hesabu, bei ni za mfano tu. Umepokea nyama ya ng'ombe mmoja wa asili, kilo 120, kwa shilingi 9,000 kilo. Umetoa 1,080,000. Ukimkata vizuri unapata kama kilo 40 za steki, ukauza kwa 12,000: hiyo ni 480,000. Mchanganyiko, yaani nyama na mfupa wake, kilo 70 kwa 10,000: 700,000. Mifupa mitupu kilo 7 kwa 3,000: 21,000. Kilo 3 zimepotea kwa maji yaliyochuruzika, vumbi la msumeno na utando uliotupa. Jumla 1,201,000. Faida ni 121,000, na hapo hujalipa pango, umeme, gari la kuleta nyama wala posho yako. Sasa chukua kilo 15 tu za ule mchanganyiko, zilale, kesho uziuze kwa 7,000. Umepoteza 45,000, zaidi ya theluthi ya faida ya siku. Ndiyo maana bosi wako ananuna jioni ingawa asubuhi bucha ilijaa watu.

Kwa hiyo jifunze kuuliza swali moja kabla hujagusa kisu: "Unapika nini leo?" Si maneno ya kuchangamsha mteja. Jibu lake ndilo linalokuambia ukate wapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipimie kilo, usiniwekee mfupa."

"Leo unapika nini mama?"

"Pilau, nina wageni."

"Pilau la steki tupu litakosa supu. Nikukatie kidari, kina mafuta kidogo, na kimfupa kimoja cha kukolezea. Lisipokuwa tamu, kesho nirudishie sufuria."

Akicheka, kidari kimeuzika, na wageni wake watakula vizuri kuliko wangekula steki. Hapo hujamdanganya mtu. Ungekuwa umemdanganya kama angetaka nyama ya mishkaki nawe ukampa nyama ya mkono.

Ili uweze kusema hivyo kwa uhakika, mjue ng'ombe kwa kazi aliyoifanya akiwa hai. Kiungo kilichofanya kazi sana kina nyuzi ngumu na utando mwingi: shingo iliyobeba kichwa, mikono iliyobeba kifua, miguu ya chini. Sarara, ile nyama ndefu ya mgongoni, haikuhangaika, ndiyo maana ni laini. Lakini ugumu si ubaya. Utando wa shingo na wa goti ukichemka taratibu saa mbili au tatu unayeyuka na kuwa ute, na ule ute ndio unaoifanya supu igande midomoni. Mpika supu ukimpa sarara umemuonea, hela yake na nyama yako. Mpe kongoro, goti, mkia na vipande vya shingo. Anayepika mtori naye anataka mfupa wenye nyama. Wa sambusa na katlesi anataka nyama kavu ya kusaga, na hapo ndipo mabaki ya mkono yaliyotolewa utando yanapopata kazi. Usimsagie mafuta, sambusa zake zitalowa na kesho atahama bucha. Mchoma mishkaki anataka paja, likatwe kwa kukingama nyuzi. Nundu ina wenyewe, wapenda mafuta, na usipowajua kwa sura itakudodea.

Maini usijisumbue kuyatangaza. Yanajiuza yenyewe kabla ya saa 3.

Kukata kwenyewe utajifunza kwa macho na mikono, maandishi hayatoshi. Nitasema mawili tu. La kwanza, usikate nyama katikati kama mkate. Paja ni mafungu ya misuli yaliyotengwa na utando mweupe. Ingiza ncha ya kisu kwenye utando, vuta kwa mkono wa kushoto, na fungu litaachia lenyewe. Ukifuata njia hiyo unapata vipande safi vya steki na mabaki kidogo. Ukikata ovyo unatengeneza vipande vya kuokoteza ambavyo utaishia kuvisaga kwa bei ya chini. La pili, kisu butu ndicho kinachokata vidole. Kisu kikali kinakwenda unapokipeleka. Kibutu unakisukuma kwa nguvu, kinateleza kwenye mfupa na kuishia mkononi. Nina alama kwenye kidole gumba cha kushoto, ya kisu nilichokuwa najiambia nitakinoa baada ya mteja huyu mmoja. Noa kwenye kinoo kabla ya kufungua, na kila baada ya muda kipitishe kwenye chuma kurudisha makali. Kama kuna glavu ya nyuzi za chuma, vaa mkono usioshika kisu, hata wenzako wakikucheka.

Gogo na shoka utavikuta bado kwenye mabucha mengi. Bodi ya Nyama Tanzania imekuwa ikihimiza mabucha yaachane navyo, na mimi naungana nayo, japo nilijifunzia kwenye gogo. Mti unakunywa damu, unapasuka, na kwenye zile nyufa hakuna brashi inayofika. Tena shoka linavunja mfupa vipande vidogo vinavyoingia kwenye nyama, halafu mzee wa watu anavunja jino mezani. Kama bucha ina msumeno wa umeme, omba kufundishwa na mtu anayeujua, mikono ikiwa mbali na ule ukanda wenye meno, na usiuguse ukiwa na haraka.

Sasa jambo ambalo wateja wetu hawalikubali kirahisi. Dar es Salaam mtu anataka nyama ya leo, iliyochinjwa alfajiri, na akiona imetoka kwenye friji anakunja pua. Ukweli ni kwamba ng'ombe akishachinjwa, baada ya saa chache misuli inakakamaa, na nyama ya namna hiyo inapikwa mpaka gesi inaisha. Ikikaa kwenye ubaridi wa nyuzi 0 hadi 4 kwa siku moja, mbili au zaidi, inalegea yenyewe. Kwa steki hilo ni jema. Usibishane na mteja, muonjeshe. Mimi mteja wangu mmoja wa mishkaki nilimpa nusu kilo ya jana na nusu ya leo, nikamwambia achome zote mbili. Tangu hapo anapiga simu kuuliza kama ya jana ipo. Lakini ya jana iwe ya jana kweli, iliyoingia kwenye ubaridi mapema, si ile iliyoning'inia kwenye kulabu mchana kutwa jua la saa 8 likiipiga, ndipo ikakimbizwa kwenye friji usiku. Hiyo imeshaharibika, baridi inaisimamisha tu.

Rangi nayo isikutishe. Nyama iliyokatwa sasa hivi huwa na wekundu wa zambarau, ikipata hewa kidogo inang'aa, na ikikaa sana inaelekea kahawia. Nyama nyeusi inayonata tangu inapofika mara nyingi ni ya ng'ombe aliyechoka: ametoka bara kwenye lori, hakupumzishwa, akachinjwa akiwa amekwisha nguvu. Hiyo inaharibika haraka. Ipokee, kama ni lazima, ila iuze kwanza.

Usichopokea kabisa ni nyama isiyo na mhuri wa mkaguzi. Atakuja mtu jioni na pikipiki, kiroba nyuma, bei nusu. Anajua bosi hayupo. Huyo mara nyingi amebeba kibudu. Mnyama aliyekufa mwenyewe hakutoka damu vizuri, nyama yake ina weusi na mishipa imejaa, na kama alikufa kwa kimeta wa kwanza kuugua ni wewe uliyemkata. Ukiona kwenye nyama chembe nyeupe kama punje za mchele zilizojificha ndani ya misuli, hayo ni mayai ya tegu, watu wengi huita hivyo, ingawa ni minyoo michanga yenyewe. Weka pembeni na umwite mkaguzi. Wazee wa kazi hii wanaikumbuka 2007, Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Tanzania na watu wakahamia kwa kuku na samaki. Bucha zilizokuwa na wateja wa kudumu ni zile ambazo mteja alikuwa ameshazoea kuona mhuri kila siku kabla ya balaa.

Hapo hapo niseme na hili: watu wanakula kwako kwa sababu wanajua nani amechinja na nini kimepita kwenye meza yako. Niliwahi kuombwa na jirani nimhifadhie kitimoto, nyama ya nguruwe, kilo moja kwenye friji, "iko ndani ya mfuko, nani atajua?" Nilikataa. Alinuna wiki nzima, tukapatana.

Mizani. Wakala wa Vipimo huikagua kila mwaka na kubandika stika. Iweke upande ambao mteja anaiona, naye aone inasoma sifuri kabla hujaweka nyama. Wapo watakaokufundisha kuweka kidole, au kurusha nyama ili mshale uruke ukaiondoe kabla haujatulia. Mama lishe ana mizani nyumbani, usimchukulie mjinga. Lakini kosa la wageni wengi wa kazi hii ni la upande wa pili, huruma. "Niongezee kidogo baba." Ukiongeza gramu 50 kila kilo, kwenye zile kilo 110 za steki na mchanganyiko umegawa kilo 5 na nusu. Rudi kwenye hesabu ya juu uone ni sehemu gani ya faida. Nyongeza ipo, ni desturi, huwezi kuifuta. Tenga tangu asubuhi bakuli la vipande vya mafuta na vimifupa, hiyo ndiyo nyongeza yako. Likiisha, limeisha.

Hela usishike kwa mkono wa nyama. Kama mko wawili mmoja akate, mmoja apokee. Kupima afya ni kila baada ya miezi 6, usisubiri bwana afya aje kukufungia. Mkopo andika mbele ya mteja, na kiasi akitaje yeye mwenyewe kwa mdomo wake.

Siku hizi simu yangu ya kwanza, kabla gari halijafika kutoka machinjioni, ni kwa mpika supu wa stendi. Namuuliza leo nimuwekee goti ngapi na shingo kiasi gani. Halafu nampigia mama wa mtori. Wakishanijibu ndipo najua nianze na upande gani wa ng'ombe, na steki naiacha ining'inie mpaka foleni ije yenyewe.