Muulize Kocha: Mnyanyuo uliofutwa

SWALI: Shikamoo Kocha. Mzee mmoja wa jimu yetu anadai zamani Olimpiki ilikuwa na minyanyuo mitatu ya vyuma, si miwili. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Mzee wenu yuko sahihi. Wa tatu ulikuwa wa kusukuma: chuma kinafikishwa mabegani, kisha kinapandishwa juu kwa nguvu ya mikono, magoti yamenyooka. Ulifutwa baada ya Munich 1972. Watu walikuwa wakijipinda nyuma hadi kifua kinatazama dari, na waamuzi hawaelewani nani kakosea. Montreal 1976 ikabaki miwili. Mimi vijana wangu bado nawapa mnyanyuo huo, tena kabla hawajalala kusukuma chuma kwenye benchi wanalolipenda mno. Kaza makalio, bana tumbo. Mgongo ukianza kupinda, punguza uzito.