Kabla ya wakili: kwa anayeanza kusaidia majeruhi wa chumvini

Ukianza kazi hii Malindi, wengi watakaobisha mlangoni kwako watatoka upande wa barabara ya Garsen: Gongoni, Marereni, Kurawa, kule kwenye mashamba ya chumvi. Mmoja kidole kimenaswa na mkanda wa mashine ya kusaga, mwingine ameangukiwa na magunia akipakia lori. Karibu wote watakuuliza wakili gani ni mzuri. Mpe mtu kiti na maji, kisha umwambie wakili atafuata baadaye. Wewe unataka kujua kwanza mwajiri alijulishwa lini, na nani alikuwepo.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo huku kila mtu anaiita WIBA, iliyatoa madai haya mahakamani ikayapeleka kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Kifungu cha 16 kinamzuia mfanyakazi kumdai mwajiri fidia ya ajali nje ya utaratibu wa sheria hiyo. Mawakili walikipinga. Mahakama Kuu ikawakubalia mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikaugeuza uamuzi huo mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi: sheria inasimama. Anayekimbilia kwa hakimu leo hurudishwa, na huku anazungushwa, muda wake unakwisha. Dai linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo ikiwa mtu amefariki. Wapo watu Malindi hii hii ambao bado wanatafuta wakili wa kufungua kesi kama zamani. Waambie mapema.

Jambo la pili utakalolisikia ni kujilaumu. "Mimi ndiye niliyeteleza." "Sikuvaa glavu." Mtu ameshajihukumu kabla hajafika kwako, na nyapara amemsaidia kujihukumu. WIBA haiulizi nani alizembea. Ukiumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi, unastahili. Anayeweza kunyimwa ni aliyefanya kosa la makusudi kabisa, na hata huyo, akipata ulemavu mkubwa au akifa, fidia haipotei. Kwa hiyo usimwache mtu aandike barua ya kuomba msamaha kwa kampuni. Nimeziona barua hizo, zimepigwa chapa vizuri kuliko mkataba wowote aliowahi kupewa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana wengi wa watu wako ni vibarua. Hawana barua ya ajira wala hati ya mshahara. Wanalipwa kwa siku au kwa tani, mara nyingine na kontrakta na si kampuni yenyewe. Watakuambia hawana haki kwa sababu hawajaandikwa. Si kweli: sheria inamtambua mfanyakazi hata kama mapatano yalikuwa ya mdomo, na hata kama anahesabiwa kwa siku au kwa kazi aliyoifanya. Taabu iko kwenye ushahidi, na huo lazima uutafute wakati jeraha bado bichi. Anza na simu yake. Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita inaonyesha nani alimtumia pesa kila Jumamosi. Fuata michango ya NSSF kama ipo, picha alizopiga na wenzake wakiwa na majembe kwenye madimbwi, jumbe za nyapara za "kesho njoo saa kumi na mbili", daftari la getini. Daftari hilo hutalipata mwenyewe, lakini andika kwamba lipo na nani hulishika. Andika majina mawili, la kontrakta na la kampuni ambayo chumvi ni yake. Kisha uwafuate mashahidi nyumbani kwao jioni, usiwafuate kazini. Kibarua anayeonekana akiongea nawe getini kesho hataitwa kazini, na hapo ushahidi wake umekwisha.

Taarifa kwa mwajiri yaweza kuwa ya mdomo, sheria inaruhusu. Wewe usiridhike nayo. Mwambie mtu atume hata ujumbe mfupi wa simu wenye tarehe, saa na mahali, na asiufute. Mwajiri akishajua, ana siku saba za kumjulisha Mkurugenzi, na ikiwa mtu amekufa, saa 24. Fomu inayotumika ni DOSH/WIBA 1 (DOSH ni idara ya Mkurugenzi huyo). Omba nakala, na ukiipata, usisome kitu kingine kabla hujaangalia sanduku la mshahara.

Hapa ndipo watu wanapopunjwa, na hawajui. Fidia ya ulemavu wa kudumu inapigwa kwa mshahara wa miezi 96, kisha inachukuliwa asilimia ya ulemavu. Chukua kibarua wa shilingi 700 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: ni 18,200. Mara 96 ni 1,747,200. Daktari akimpa asilimia 10, anastahili 174,720. Lakini fomu ikiandika kwamba mshahara wake ni 9,000, jeraha ni lile lile, daktari ni yule yule, na mtu anaondoka na 86,400. Mgonjwa atapigana na daktari juu ya asilimia mbili huku nusu ya haki yake imepotea kwenye mstari ambao hakuusoma. Pinga mstari huo mapema, kwa maandishi, ukiambatanisha ile taarifa ya M-Pesa.

Wakati anauguza, asipoweza kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, anastahili malipo sawa na mapato yake, hadi miezi 12. Gharama za matibabu, dawa, magongo, hata kiungo cha bandia, ni za mwajiri. Risiti zote zihifadhiwe, na hati ya kuruhusiwa kutoka hospitali isiachwe kwa jirani.

Kuna karatasi moja ya kuiogopa: ile inayosema "nimelipwa kikamilifu na sina dai lolote", inayoletwa nyumbani na bahasha ya elfu kumi wakati familia haina unga. Sitakuambia umlaumu mtu aliyeitia sahihi. Mwambie tu, kabla haijaletwa, kwamba italetwa.

Na mawakili? Wana nafasi yao. Uamuzi wa Mkurugenzi ukiwa mbaya, mtu ana siku 60 za kuweka pingamizi. Mkurugenzi hujibu ndani ya siku 14, na baada ya jibu zipo siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo hapa Malindi. Hapo tafuta msaada wa kweli. Asiye na pesa ana Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016, na ana Kituo cha Sheria, ambacho kina ofisi Mombasa. Wakili akimwambia mteja wako "hulipi kitu, tutagawana tukishinda", jihadhari naye, kwani Sheria ya Mawakili haiyatambui makubaliano ya kulipwa kwa sharti la kushinda. Mwombe mteja akuletee lolote alilotia sahihi.

Mwajiri au bima yake wana siku 90 za kulipa tangu dai liwasilishwe kwao. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani, jina la mtu na tarehe. Ukifika siku ya 91 bila jibu, nenda ofisi ya Usalama na Afya Kazini ukiwa na nakala zote mkononi, na mwenye jeraha uende naye. Faili hujibiwa haraka zaidi mwenyewe akiwa amekaa pale kwenye benchi.