Wasomaji Wanauliza: Meli ya Wareno ipo kweli pale Fort Jesus?

SWALI: Habari zenu, mie msomaji wenu wa Makorora hapa Tanga. Likizo hii nawapeleka watoto Mombasa kwa shangazi yao na wameshapania kuiona meli ya Wareno ilozama Fort Jesus, je ipo? Halafu huyu mkubwa kanibana, eti zamani vyombo vilishonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, sasa maji si yanaingia?
Baba Watatu

JIBU: Karibu sana Baba Watatu. Waambie mapema wasije wakanuna, meli nzima haipo. Ile ni Santo António de Tanná, iliundwa India, ikaja kuwasaidia Wareno waliozingirwa ngomeni na Waomani ikazama hapohapo chini ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimba 1977 mpaka 1980, vitu vikapandishwa na vingine ndo mtaviona makumbusho, ila mbao walizipima wakazifukia tena hukohuko chini, na mie naona walifanya vema maana mbao iliyokaa majini karibu miaka 300 ukiianika tu hivihivi inapasuka na kujikunja.

Sasa hilo la kushona, mpe mkono huyo kijana, ni kweli tupu! Chombo chenyewe ni mtepe, kikiundwa sana upande wa Lamu, mbao zinatobolewa kingoni zinashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, matundu yanazibwa, na tanga lake la mkeka. Maji yaliingia ndiyo, mabaharia walikuwa wanakumba maji safari nzima, lakini mwili wa chombo unanesa, kwa hiyo kikipwelewa au kikigonga mchanga hakivunjiki upesi. Mitepe ilikwisha mwanzoni mwa karne ya 20, siku mkijaliwa kufika makumbusho ya Lamu mtaona modeli.

Ila nakuomba kaka, kabla ya safari wapeleke kwanza ufukweni, Deep Sea au Sahare, ulizia fundi wa mashua, wamuone anavyopiga kalafati, pamba yenye mafuta inasokomezwa kwenye maungio ya mbao kwa nyundo na patasi mpaka inakaza, wamuulize mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, ni upi, na mataruma, zile mbavu zake, yanashika nini. Mtoto aliyelishika taruma kwa mkono wake hapiti tu mbele ya kabati la vioo, atasimama na kuuliza.

Na pale mpakani Horohoro watoto nao wanadaiwa hati za kusafiria, zishughulikie mapema.